Maswali ya Wasomaji: Kifaa Kinawaka Mezani, Je, Wodini?

Barua za safari hii zina kilio kimoja: mtu amebuni au amepata kitu kizuri cha afya, na kitu hicho hakivuki kutoka mezani kwenda kwa mgonjwa. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa karibu kila anayetengeneza kifaa tiba hapa Dar atajikwaa mahali palepale.

Swali: Wahariri, shikamooni. Mimi na wenzangu watatu tunasoma uhandisi wa vifaa tiba. Tumetengeneza mashine ya mwanga wa bluu ya kutibu manjano ya watoto wachanga, kwa taa za LED tulizonunua Kariakoo. Imewaka wiki mbili mfululizo bila kusumbua. Tufuate hatua gani ifike hospitali? Tuanzie TMDA? *(Mwanafunzi, Mabibo)*

Jibu: Marahaba, wanetu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mtafika, lakini msianzie huko. Anzeni na kipimo. Taa kuwaka wiki mbili kunatuambia waya hazijalegea. Hakutuambii kama inatibu.

Kinachotibu ni mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 460 hadi 490 hivi. Huo ndio unaobadili umbo la bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye ngozi, mwili ukaweza kuitoa kwa nyongo na mkojo. Macho yetu huita "bluu" mambo mengi. Utepe wa LED wa kupambia ukumbi wa harusi unaweza kuwa na kilele mahali pengine kabisa, na rola mbili za duka moja zikatofautiana. Nunueni LED zenye karatasi ya mtengenezaji inayotaja kilele cha wimbi, na mnunue za kundi moja zitakazotosha mashine zote za majaribio.

Halafu nguvu ya mwanga. Kwa tiba kali lengo ni angalau maikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita, na hupimwa pale anapolala mtoto, si kwenye uso wa taa. Chukueni eneo la sentimita 60 kwa 30, mligawe visanduku, mpime kila kimoja. Sehemu hafifu kuliko zote ukiigawa kwa sehemu kali kuliko zote, jibu lisishuke chini ya 0.4. Mashine nyingi za wanafunzi huanguka hapa: katikati ni 45, miguuni ni 9. Programu ya simu ya kupima mwanga haifai kwa kazi hii, kwa sababu hupima jinsi jicho la binadamu linavyoona, nalo halioni sana bluu. Azimeni kipima mwanga cha bilirubini kwenye hospitali kubwa au chuo chenye karakana ya vifaa tiba. Pia mwandike ni cha aina gani, maana vipima vya watengenezaji tofauti husoma tofauti hata chini ya taa ileile.

Pimeni taa ikiwa baridi, kisha mpime tena ikiwa imewaka kwa muda wa saa sita mfululizo katika chumba chenye joto la nyuzi 32. LED ikipata joto mwanga wake hushuka na umri wake hupungua. Wengi hukimbilia feni. Feni huvuta vumbi na buibui, na siku ikifa hakuna anayejua. Bamba nene la alumini lenye mapezi halina cha kufa.

Sasa wodini, ambako mambo ya karakana husahaulika. Muuguzi anapotaka kumchoma mtoto sindano atainua taa apate nafasi. Akiitwa kitanda kingine, taa itabaki juu usiku kucha na nguvu yake itakuwa imeshuka sana. Mama naye ataona mtoto yuko uchi na feni ya darini inazunguka, atamfunika khanga. Wodi ikifurika, watoto wawili au watatu watalazwa chini ya taa moja, na maambukizi yatahama nao. Hayo yote si uzembe. Ni matumizi halisi ya kifaa, nanyi mbuni kwa kuyafuata hayo.

Kuna mfano mzuri wa nje. Shirika la Design that Matters la Marekani liliwahi kubuni kitanda-joto cha watoto kwa vipuri vya gari, NeoNurture. Kilisifiwa sana magazetini mwaka 2010, lakini hakikupata kiwanda cha kukitengeneza wala hospitali ya kukinunua. Baadaye, wakishirikiana na kampuni ya MTTS ya Vietnam, walitengeneza mashine ya mwanga wa bluu iitwayo Firefly. Kitanda chake ni kidogo kiasi kwamba hakiingii watoto wawili, mwanga hutoka juu na chini, na taa ya juu haina mguu wa kuinulia. Makosa matatu ya wodini yamezuiwa na umbo la kifaa, bila kumwandikia muuguzi bango la onyo. Tunapendekeza mkiangalie kwa makini kabla ya kuchora cha kwenu upya.

Wekeni pia swichi ya taa nyeupe. Chini ya mwanga wa bluu huwezi kuona kama mtoto amebadilika rangi kwa kukosa oksijeni, na muuguzi asiyekuwa na swichi hiyo ataizima mashine nzima kila akipita. Kinga ya macho ifikirieni mapema: ni kitu cha kutumika na kuisha, hivyo toeni kielelezo ambacho fundi cherehani yeyote anaweza kushona kwa kitambaa cheusi na shashi laini, kwa saizi mbili. Na kihesabu saa kiwepo, ili fundi ajue LED zimetumika kiasi gani.

Usafi. Wodini watapangusa kwa klorini ya asilimia 0.5, yaani sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, au kwa spiriti. Klorini hula skrubu za chuma cha kawaida. Spiriti hupasua vinyufa vidogo kwenye plastiki ngumu angavu, na kila ufa hupunguza mwanga unaomfikia mtoto. Kateni vipande vya kila malighafi, mvipanguse mara 500 kwa kila dawa, kisha mpime mwanga tena. Ni kazi ya kuchosha, gawaneni zamu.

Umeme wetu ni volti 230, lakini waya wa nyutro ukikatika mtaani, soketi inaweza kupanda kuelekea volti 400. Weka kinga ya kupanda kwa umeme ya volti 275 na fyuzi kabla yake. Bila fyuzi, kinga hiyo huungua na kuacha masizi ndani ya boksi. Plagi iwe ya pini tatu na fyuzi ya ampea 3, si 13 inayokuja nayo dukani. Boksi la chuma liunganishwe na waya wa ardhi. Umeme unaovuja kwenye uso unaoguswa usizidi maikroampea 100 katika hali ya kawaida. Kipimo hicho kifanyike kwenye maabara ya umeme inayotambulika, na TBS, shirika la viwango, pale Ubungo ni mahali pa kuulizia.

Mkishafika hapo, tengenezeni mashine kumi badala ya moja. Moja huficha mengi. Kumi zitawaonyesha ni ngapi mlilazimika kuchonga tundu upya, ni LED zipi zilikuja na rangi nyingine, ni dereva ipi (kifaa kinacholisha LED umeme) iliyokuwa ya bandia. Andikeni kila badiliko na tarehe yake. Daftari hilo ndilo mwanzo wa mfumo wa ubora ambao mkaguzi ataudai, na likiandikwa baadaye kwa kukumbuka, hujulikana.

Kisha ndipo karatasi. Kuijaribu kwa watoto kunahitaji kibali cha maadili cha chuo na cha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na TMDA wahusishwe kabla mtoto wa kwanza hajalazwa. TMDA hupanga vifaa tiba kwa hatari, kutoka daraja A hadi D. Msijipangie wenyewe. Andikeni matumizi yaliyokusudiwa kwa sentensi mbili, muulize kwa maandishi, mhifadhi jibu. Sentensi hizo mbili zipimeni kama dawa: mkiongeza "na kuzuia madhara ya ubongo" mmejitwisha ushahidi mwingine mzito.

Na muuzie nani? Vituo vya serikali huagiza kwanza Bohari ya Dawa. Kisipokuwepo, huenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, na zabuni za umma siku hizi hupita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni. Kampuni isiyosajiliwa humo haionekani. Bei pigeni hivi: gharama ya malighafi zidisha mara tatu hadi nne, maana ndani yake kuna kazi, mashine zilizoharibika, usafiri, dhamana na fundi wa kwenda Mkuranga kubadilisha dereva. Anayeuza kwa mara moja na nusu hufunga ofisi mwaka wa pili, na mashine zake hubaki wodini bila mwenyewe. Kabla ya yote hayo ongeeni na DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambao wamo kwenye mtandao wa NEST360 wa vifaa vya watoto wachanga pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara.

Swali: Naomba msaada. Kituo chetu kilipewa mashine ya kuzalisha oksijeni kutoka Marekani. Tulikaa nayo stoo miezi minane tukisubiri transfoma. Sasa inawaka, inanguruma, lakini oksijeni ya mgonjwa haipandi. Tatizo nini? *(Muuguzi, Temeke)*

Jibu: Pole, dada. Kwanza, mgonjwa awekwe kwenye mtungi au apewe rufaa, na mashine hiyo isitumike kwa mtu hadi ipimwe. Kunguruma si oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 21, mashine isiyo na hitilafu hutoa takribani 93, na ikishuka chini ya 82 haifai kwa tiba. Bila kipima oksijeni kwenye bomba la kutokea, mnabahatisha.

Tunashuku mambo mawili kwa pamoja. Stoo ya Dar ni unyevu. Ndani ya mashine kuna punje za zeolaiti zinazokamata nitrojeni na kuacha oksijeni ipite, na punje hizo hupenda maji kuliko nitrojeni. Mashine ikilala miezi, zinakunywa unyevu na kushiba. Mara nyingine mashine ikiachwa iwake saa kadhaa bila mgonjwa hurudi kiasi. Mara nyingi mitungi ya punje hubadilishwa, na bei yake huumiza. Mashine ya akiba iwashwe angalau saa moja kila mwezi, na iandikwe ukutani nani aliiwasha.

La pili ni transfoma yenyewe. Imewashushia volti kutoka 230 hadi 115 hivi, lakini haikubadilisha hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50 zetu huzunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, hupata joto zaidi, na shinikizo halifiki. Hakuna transfoma ya dukani itakayotibu hilo. Safari nyingine msaada ukiahidiwa, jibuni kwa barua fupi: volti 230, hezi 50, vichujio vya akiba vya miaka miwili, kitabu cha matengenezo, na kipima oksijeni. Si utovu wa adabu. Utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi maskini havifanyi kazi, na kukosa mafunzo, usimamizi wa vifaa na miundombinu ndizo sababu kuu.

Sifongo ya nje ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Sifongo mbichi inarudisha ugonjwa uleule wa unyevu.

Swali: Nina duka la dawa. Nataka kutengeneza kitakasa mikono changu mwenyewe niuze kwenye shule na saluni. Nipeni vipimo. *(Mfanyabiashara, Sinza)*

Jibu: Vipimo ni vya Shirika la Afya Duniani, na havina siri. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145. Jaza hadi alama ya lita 10 kwa maji yaliyochemshwa na kupoa au yaliyotoneshwa. Tia ethanoli kwanza, kisha peroksaidi, kisha gliserini, na suuza chombo cha gliserini kwa maji hayohayo maana hung'ang'ania. Usipime maji kando ukayamimina yote: ethanoli na maji vikichanganyika ujazo hupungua, ndiyo maana tunasema jaza hadi alama. Funika, changanya, tia kwenye chupa, ziache saa 72. Saa hizo ni za peroksaidi kuua mbegu za vijidudu zilizokuwa kwenye chupa. Wenye haraka huziruka.

Lengo ni ethanoli asilimia 80, na kati ya 75 na 85 inakubalika. Ukipima kwa kielezi cha kuelea kilichorekebishwa kwa nyuzi 20, kumbuka chumba chako Sinza kina nyuzi 30. Kimiminika kimetanuka, na kipimo kitasoma juu kwa karibu pointi 3. Ukisoma 77 ukafurahi, huenda una 74.

Usizidishe gliserini ili "kiwe laini". Mikono hunata, vumbi hushika, watoto wanaacha kukitumia. Usinunue spiriti isiyo na cheti cha uchambuzi. Methanoli huwezi kuitofautisha kwa harufu, na hupofusha na kuua. Wanaouliza kama Konyagi inatosha: ni asilimia 35, haitoshi. Gongo hata tusianze.

Moto ndio hatari inayopuuzwa. Mvuke wa mchanganyiko huu hushika moto kuanzia nyuzi 17.5, maana yake Dar unaweza kushika saa yoyote ya mwaka. Hakuna jiko chumba cha pili, hakuna swichi inayotoa cheche, na usitengeneze zaidi ya lita 50 kwa mahali pasipo na mfumo maalumu wa hewa. Chumba cha nyuma ya duka lenye mlango mmoja hakifai. Na kabla ya kuchapa lebo hata moja, peleka maneno yake TMDA waseme bidhaa inaangukia wapi. Lebo inayodai "huua asilimia 99.9" bila majaribio ya maabara itakurudishia mzigo wote.

Swali: Nikionyesha kifaa changu Sabasaba, nitaibiwa? Nilipie hataza kwanza? *(Fundi, Buguruni)*

Jibu: Omba kwanza, onyesha baadaye. Hataza, yaani haki ya kipekee ya ubunifu, hudai kitu kipya, na maonyesho ya hadharani, video au chapisho huweza kuuondoa upya huo. Marekani hutoa nafuu ya miezi 12 kwa mbuni mwenyewe, Ulaya haina huruma hiyo. Maombi hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, au kupitia ARIPO, shirika la hakibunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, ukitaka nchi kadhaa wanachama kwa ombi moja. Ila kaa na kalamu kwanza: kama ubunifu wako ni kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa namna ambayo fundi yeyote angewaza, jina la biashara lililosajiliwa na mkataba wa siri na anayekuchongea vipuri vitakulinda zaidi kwa fedha kidogo.

Swali: Tuna kikundi cha akina mama chenye mashine ndogo ya kufungasha. Tungependa kufungasha ORS, ile chumvi ya kuongeza maji mwilini kwa anayeharisha. Je, tufuate pakiti ya lita moja kama zilizozoeleka? *(Katibu wa kikundi, Kigamboni)*

Jibu: Mama, swali lenu limegusa mahali ambapo wengi hawatazami. Fomula imetulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: kwa lita moja, chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi kavu 13.5, kloraidi ya potasiamu 1.5, sitrati ya sodiamu 2.9. Jumla gramu 20.5. Tatizo ni lita. Nyumba nyingi hazina chombo cha lita moja kinachojulikana. Kuna jagi, kuna sufuria, kuna chupa ya maji iliyotumika. Na mtoto mdogo hamalizi lita moja kwa siku, nayo iliyobaki baada ya saa 24 inatakiwa kumwagwa. Mama hataki kumwaga dawa, hivyo hutia nusu pakiti kwa kukadiria.

Zambia walilitatua kwa pakiti za mililita 200, ndani ya boksi ambalo lenyewe ndilo kikombe cha kupimia, pamoja na vidonge vya zinki. Liliitwa Kit Yamoyo. Wabunifu wake, ColaLife, walianza na wazo la kulipachika katikati ya chupa kwenye kreti za soda. Kreti hazikuwa na umuhimu mkubwa, wenye maduka walilibeba kwa njia zao kwa sababu lilinunulika. Kikombe ndicho kilichobaki.

Kwa mililita 200 kila pakiti ibebe gramu 4.1, na hapo mashine yenu ndogo ndipo itakapowasumbua. Tofauti ya gramu moja kwenye pakiti ya lita ni asilimia 5, kwenye hii ni robo ya dozi. Chumvi ikizidi kiasi hicho mtoto anadhurika. Poda nne zenye punje za ukubwa tofauti pia hujitenga kwenye faneli inapotikisika, za mwanzo zikawa tamu na za mwisho chumvi. Sageni zilingane, zichujwe, zichanganywe kwa muda uliopimwa, na pakiti zichukuliwe mwanzo, katikati na mwisho wa kila mkupuo zikapimwe sodiamu maabara. ORS ni dawa, kwa hiyo jengo lenu litakaguliwa na TMDA kabla ya bidhaa. Kama hilo liko mbali, tafuteni kiwanda cha dawa kilichosajiliwa, kikundi kibaki na kuunganisha boksi, kikombe na maelezo ya Kiswahili.

Mfuko wa nailoni tupu hautoshi kwa unyevu wa Kigamboni. Tumieni wenye tabaka la alumini. Zamisheni pakiti kumi za kila mkupuo kwenye beseni la maji na mzikandamize kwa kiganja. Inayotoa mapovu kwenye mshono inamaanisha joto la taya za mashine liko chini au kuna poda iliyokwama kwenye mshono. Poda ndiyo chanzo cha kawaida zaidi, na dawa yake ni kushusha faneli sentimita moja au mbili na kusubiri vumbi litulie kabla taya hazijafunga.